Treni Isiyo na Injini Mbele

Nakhumicha Khaemba,
Kaptembwa,
S.L.P. 2217,
Nakuru.

Jumatano, 5 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Nasimiyu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Uko aje huko kwenye baridi? Kifua kimeacha kukusumbua? Ile dawa ya mwarobaini niliyompa yule mama wa kanisa akuletee ulipata, ama aliitupa uwanja wa ndege aone mzigo umekuwa mwepesi? Sisi huku tunaendelea. Magoti yangu ni yale yale, asubuhi yanakataa, ikifika saa nne yanakubali. Mwanao Abby ni mzima, amekunywa uji na yuko shuleni ninapoandika. Mvua bado, na vumbi lililoingia nyumbani mwangu linatosha kupanda mahindi.

Baba yako Sitati aliteremka kutoka Keringet wiki jana na kabichi na maziwa, akakaa siku mbili, akarudi kwa ng'ombe wake. Anakusalimia sana. Yule anaamini kila kitu unachosema. Ukimwambia huko Ujerumani ng'ombe wanapanda lifti, atauliza tu kama maziwa yanaongezeka. Ndiyo maana jambo hili limeniangukia mimi senge yako, dada yake mkubwa, na si yeye.

Utashangaa mbona nakuandikia kwa karatasi wakati simu iko. Simu siiamini. Tukiongea sijui ni nani amekaa kando yako, na wewe hujui kama utaweza kunijibu ukweli akiwa hapo. Karatasi unaweza kuisoma bafuni. Tena naituma kwa ile anwani uliyonipa, nione na hiyo anwani kama ipo.

Jambo lenyewe ni Abby. Umesema visa imetoka, tiketi iko, na shule ikifungwa mwezi wa nne nimpeleke Nairobi uwanja wa ndege, mhudumu amshike mkono mpaka amkabidhi kwako. Mimi sijakubali. Nakuambia mapema usije ukasema nilikuzungusha. Mtoto hatoki katika nyumba hii mpaka nijue anaenda kwa nani, na huyo mtu anafanya kazi gani.

Unamkumbuka Wachuka, tunayeuza naye viazi sokoni. Binti yake Wangechi alikuwa na kibanda cha chai Mai Mahiu, pale malori yanaposimama. Wakala mmoja akampeleka ng'ambo, ati kazi ya hoteli. Kila Jumapili video inakuja: Wangechi amevaa aproni nyeupe, anacheka, nyuma yake meza zimewekwa vitambaa. Wachuka alituonyesha soko zima, nasi tukamsifu Mungu. Kumbe ni mwajiri alikuwa anampeleka mahali hapo kurekodiwa, halafu anamrudisha nyumbani kwake na kumfungia jikoni. Amerudi mwaka jana. Mkono mmoja haunyooki, na mtu akimwelekezea simu anageuka ukutani.

Sisi sote tulitazama zile video, Nasimiyu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni nani ameshika hiyo simu. Mimi sitarudia kosa hilo kwa mtoto niliyelea.

Unajua vile ninavyonunua viazi. Gunia likitoka Mau Narok, mwenye gari ananifungulia mdomo nione, na vya juu siku zote ni vizuri, vikubwa, vimekauka. Mimi namwambia amwage. Wananiita mama wa kumwaga, na wengine wanakasirika, lakini sijawahi kupeleka nyumbani viazi vya kijani. Sasa wacha nikumwage wewe pia, usinikasirikie.

Ulitoka hapa Abby hata hajaingia nasari, ukaenda kulea watoto wa Mjerumani. Nikasema sawa. Baadaye ukasema unasoma lugha yao. Nikasema sawa. Halafu siku moja ati umekuwa dereva wa treni. Baba yako alipiga makofi mpaka kuku wakatoroka. Mimi sikupiga. Mimi ni binti wa Khaemba, aliyeendesha treni za mizigo maisha yake yote, na nimezaliwa Landi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, injini zikipita nyuma ya choo chetu. Ukitaka kunidanganya, nidanganye kuhusu ndege.

Ile video ya kwanza uliyotuma ni ya treni ikiingia stesheni. Nikatafuta injini. Mbele hakuna, nyuma hakuna. Ni mabehewa tu yameshikana, na uso laini kama wa basi jipya. Nikakuuliza ni nani anayavuta. Ukanijibu hayavutwi, ati mota ziko chini ya sakafu, stima inatoka kwa waya ulio juu na kushuka kwa mkono wa chuma, na hata mwisho wa safari treni haigeuzwi. Dereva anashuka, anatembea mpaka mkiani, anaingia, na mkia unakuwa kichwa. Nasimiyu, injini ya babu yako ilikuwa ikipita vikombe vinatetemeka kabatini. Sisi tulijua treni kwa injini yake, na bila injini tuliita mabehewa yaliyoachwa.

Ukaongeza lingine. Ati treni ikipunguza mwendo inatengeneza stima na kuirudisha kwenye waya, na treni nyingine inayopanda inaitumia. Nimekaa na punda wa sokoni miaka yote hii, na sijaona punda anayeteremka mlima akitema nyasi ili mwenzake anayepanda ale. Nilimweleza baba yako hivyo, akasema Wazungu wana akili. Hilo si jibu.

Nikaendelea kuuliza na kila jibu likazaa swali. Treni haina choo kwa sababu watu wanashuka baada ya muda mfupi. Mlangoni hakuna wa kukagua tiketi, watu wanaingia tu na kuaminiwa. Sakafu iko sawa na mahali pa kusimama, hata wa kiti cha magurudumu anajisukuma ndani bila kubebwa, na mama mwenye kigari cha mtoto haombi msaada. Hilo nilikubali ni zuri kama ni la kweli. Milango ni mingi na mipana ili watu wa asubuhi wamwagike haraka, na haifunguki mpaka abiria abonyeze mwenyewe. Sauti inayotaja stesheni si yako. Sasa wewe kazi yako ni gani? Ukasema kati ya mengine unakanyaga kikanyagio, unaachia, unakanyaga tena, na usipofanya hivyo treni inadhani umekufa, inasimama yenyewe. Sijasikia mtu anaajiriwa kuonyesha kuwa hajafa.

Hayo yote ningeyavumilia. Ni ile video ya pili iliyonitoa usingizi, ile umekaa kwenye kiti cha dereva na reli inakuja mbele ya kioo. Abby anaipenda hiyo kuliko katuni. Nikampelekea Kabiru, kijana wa kutengeneza simu karibu na kibanda changu, anihifadhie isipotee. Akaitazama, akairudisha nyuma, akaikuza. Akaniambia, "Mathe, cheki huyu msichana wa koti nyekundu." Yuko stesheni ya kwanza. Yuko stesheni ya pili. Yuko ya tatu, amesimama vile vile, mkono mmoja mfukoni. Halafu Kabiru akanionyesha miguu ya watu. Hakuna aliye na kivuli. "Hii si kitu ya ukweli," akasema. "Hii ni kama gemu. Kuna mtu anawachezea."

Nikakaa juu ya gunia la mteja. Nilichoona si treni tena. Niliona Wangechi na aproni yake.

Nilipokuuliza ulicheka. Ukasema ile ni mashine ya kufundishia, chumba kimetengenezwa kama kichwa cha treni, kioo ni picha, na mwalimu ndiye aliyekuwa anakurekodi, kwa sababu hakuna anayepewa treni yenye watu kabla ya kukosea sana kwenye ile ya uongo. Na mbona hukusema hivyo siku ya kwanza? Ati ulisahau. Nikaomba video ya treni ya kweli basi, wewe ukiendesha. Ukakataa, ati simu ya dereva inazimwa na kuwekwa mbali akiwa kazini. Nikaomba umwambie mwingine akae nyuma yako arekodi. Ukakataa, ati hakuna anayeruhusiwa kuingia. Unaona vile inavyoonekana kutoka huku? Kila mlango ninaogusa umefungwa kwa sheria.

Kwa hivyo nina jambo moja la mwisho. Pale Landi kila dereva alikuwa na honi yake. Akikaribia nyumbani anapiga kwa mtindo wake, na mke wake akisikia anaweka maji ya ugali jikoni, ili mwanaume akifika akute sufuria inachemka. Sisi watoto tulizijua zote. Tulikuwa tunasema huyo ni wa mama Achola, na mama Achola anainuka. Honi ya treni naijua kwa mifupa, hata Kabiru na gemu zake hawezi kunitengenezea ya uongo. Mpe rafiki yako simu asimame stesheni, na wewe ukipita nipigie honi moja ndefu na mbili fupi. Nimekutumia ombi hili kwa sauti pia leo asubuhi, kwa sababu barua itachelewa.

Ukinipigia, mtoto anakuja. Usiponipigia, hiyo visa iweke ukutani uitazame.

Jumapili, 23 Machi

Barua hii haikufika posta. Siku ile nilikuta wamefunga mapema, kesho yake magoti yakagoma, na kabla sijajaribu tena jibu lako likaingia kwa simu. Sitaichana niandike nyingine. Naendelea pale nilipoachia.

Sauti yako ilikuwa imechoka, na nyuma yake nilisikia maji yakichemka. Nilikuwa nimekaa kibandani na Wachuka, na Kabiru ndiye aliyebonyeza. Hukusema utajaribu, hukusema kesho. Ulisema hapana. Nimeisikiliza mara nyingi mpaka najua mahali unapovuta pumzi. "Senge, siwezi. Nikigusa honi treni inajiandikia kumbukumbu, na nitaulizwa. Lakini hata kama isingejiandikia, siwezi. Honi ni ya mtu aliye mbele kwenye reli, si ya mtu aliye nyumbani. Nikiizoesha kulia bure, siku ya kumwokoa mtu hakuna atakayeruka. Nisamehe. Kama ni hivyo, Abby akae kwako kwanza."

Kabiru akasema, "Umeona mathe, ameshindwa." Wachuka alinishika bega. Mimi nilifunika viazi, nikafunga kibanda jua likiwa bado juu, nikaenda nyumbani.

Wacha nikueleze jambo ambalo hujui. Nilikuambia madereva wa Landi walikuwa wakiwapigia wake zao honi. Babu yako hakupiga. Hata siku moja. Wanawake wengine walijua wakati wa kuweka maji, mama yetu alijua mumewe amefika akimwona amesimama mlangoni, na ugali haujaiva, na ugomvi unaanza. Majirani walimcheka mama, ati mume wako injini yake ni bubu.

Siku baba yako Sitati anazaliwa, mama aliumwa tangu alfajiri katika ile nyumba, hatua chache kutoka kwa reli. Mimi nilikuwa msichana wa kuchota maji. Mtoto alikataa kutoka na wanawake wakaanza kuongea kwa sauti ya chini. Mmoja wao akakimbia mpaka yadi ya treni, akaomba ujumbe umfikie Khaemba, kwamba akipita apige honi hata moja, mkewe asikie kuwa yuko karibu, apate nguvu. Ujumbe ulimfikia. Treni ikapita nyuma ya nyumba, vikombe vikatetemeka, na honi haikulia. Mama aligeuza uso ukutani. Sitati alitoka jioni, akiwa mzima, lakini mama hakumsemesha baba kwa muda mrefu sana.

Nilikuwepo jioni ile baba alipokuwa anavua buti. Mama mkunga alimkaripia, na yeye akasema bila kuinua kichwa kwamba honi ni ya mtu aliye mbele kwenye reli, si ya mtu aliye nyumbani. Nilimchukia kwa maneno hayo. Nilikua nikiyachukia.

Sijawahi kukuambia, Nasimiyu. Mzee alikufa kabla hujazaliwa. Mama hakutaka yatajwe mpaka naye akaenda, na baba yako hayajui, kwa sababu yeye wakati huo ndiye aliyekuwa anazaliwa. Hakuna wakala ambaye angeweza kukufundisha. Kabiru hawezi kuyapata kwa simu yake. Uliyatoa mahali babu yako alipoyatoa, kwenye kile kiti.

Nilikaa jikoni nikafikiria kila mtu aliyewahi kunidanganya. Wote walinipa nilichotaka. Nikitaka viazi vya Mau Narok, ni vya Mau Narok, mama, tazama. Nikitaka vikavu, vimekauka jana. Mwajiri wa Wangechi angenitumia honi hata kumi, na ndefu na fupi, na tarumbeta juu yake. Wewe ulikuwa unamtaka mtoto wako kuliko kitu chochote, nami nilikuwekea bei ya kubonyeza kidole, na hukubonyeza. Gunia nimelimwaga, nimeona chini.

Kuhusu punda na nyasi bado sijakubali. Tutaongea.

Siku iliyofuata nilimwuliza Abby kama anataka kwenda. Nilitumaini atasita. Alinionyesha daftari la kuchora, kurasa na kurasa za treni zenye nyuso mbili, moja kila upande, hakuna injini hata moja. Kisha akaniuliza mimi bibi yake, "Kukhu, kama treni iko na vichwa viwili, mama anajuaje upande wa kurudi nyumbani ni upi?" Utamjibu wewe.

Basi shule ikifungwa baba yako atateremka kutoka Keringet, na sisi wawili tutamsindikiza mpaka Nairobi. Barua hii haitapitia posta. Nitaiweka ndani ya begi lake chini ya unga wa wimbi, kwa hivyo ukiisoma ujue yuko hapo karibu nawe, pengine anakutazama.

Mambo yake ni haya. Maziwa yenye utando hanywi, yaondoe kwanza kabla hajaona. Akinyamaza sana, ana homa. Akiongea sana, kuna kitu amevunja. Usiku wa kwanza atalia na kusema ni jino. Anaogopa milango inayojifunga yenyewe. Ile ya supamaketi hapa mjini anaipita amenishika sketi. Kwa hivyo siku ya kwanza usimpandishe treni wewe ukiwa huko mbele na kikanyagio chako. Panda naye nyuma kama abiria, mshike mkono, na umwache abonyeze kile kidude cha mlango mwenyewe.

Usizichane kurasa za kwanza hata kama zimekuuma. Zimeandikwa na mtu aliyekuwa na hofu, na ni za kweli kama hizi. Zihifadhi. Iko siku Abby atakuwa mkubwa na atakuuliza kama kukhu yake alimtoa kirahisi. Siku hiyo msomee zote, tangu mwanzo, na koti jekundu, na punda. Mwambie nilitafuta kosa kwenye treni yako mwezi mzima, na ningefurahi kulipata.

Baba yako anakusalimia tena na anasema ulale vizuri. Wachuka anakusalimia. Wangechi naye, ambaye haongei sana siku hizi, amemfumia Abby kofia ya sufu kwa ule mkono mmoja mzima na ule mwingine wa kushikilia, na amesema Abby akiivaa umpige picha wewe mwenyewe, mkono wako uonekane. Hata Kabiru anakusalimia, ingawa bado anasema ni gemu.

Mungu akulinde ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, na akufungulie reli mbele yako, asiwepo mtu hata mmoja wa kupigiwa hiyo honi.

Ni mimi senge yako, nikupendaye hata ninapokushuku,

Nakhumicha